Mikono ya Mama Ibolya

Pa. Viganja viwili vilikutana mara moja, kwa sauti kavu kama ubao unaovunjika. Miaka imepita, na bado naisikia.

Viganja vilikuwa vya Mama Ibolya, mshonaji wa mavazi katika jumba la maigizo la serikali, Budapest. Bintiye, Enikő, ndiye aliyeanzisha kundi letu. Tulikuwa wachache, tukifanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa, mpaka ofisa mmoja alipotazama mchezo wetu, akasema hauna furaha, akatufungia mlango. Mama Ibolya alitukaribisha nyumbani kwake. Alisukuma kitanda chake ukutani, akachana shuka zake bora, akatushonea pazia la jukwaa.

Jumapili ya kwanza walikuja watazamaji saba. Kufikia majira ya baridi walijaa hadi jikoni, wamevua viatu, wanakula mkate wa mafuta ya nguruwe na vitunguu. Tuliigiza alasiri, redio za majirani zikitangaza mpira, ili sauti zetu zizame humo. Jengo lile limezunguka ua mmoja. Ukipiga chafya ghorofa ya tatu, wa chini anakutakia afya. Kwa hiyo Mama Ibolya alisimama mlangoni akimwambia kila aingiaye, “Mikono mfukoni. Anayetaka kupiga makofi akawapigie mawaziri.”

Kwetu makofi huanza ovyo kama matone, kisha hushikana yenyewe yakawa mdundo mmoja, na hapo hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Jumapili moja Enikő aliigiza mke wa mtu aliyechukuliwa na askari. Alivaa koti la baba yake, aliyechukuliwa baada ya maasi ya mwaka hamsini na sita dhidi ya serikali, asirudi. Alifunga vifungo polepole, kana kwamba kuna mtu ndani. Mikono ya Mama Ibolya ikatoka mfukoni. Pa. Mwingine akafuata, kisha chumba kizima, mdundo mmoja. Redio zilikuwa kimya. Mpira ulikuwa mapumzikoni.

Mlinzi wa jengo, mzee Bertalan, akabisha.

“Mama Ibolya, mnashangilia goli gani? Kwenye redio yangu wachezaji wako chooni.”

Akajibiwa kwamba ni sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto. Mzee akatazama viatu vilivyojaa mlangoni.

“Ana miguu mingi, mtoto huyo.”

Wiki hiyohiyo Enikő aliitwa polisi. Aliambiwa achague: jela, au pasi ya kuondoka bila kurudi. Kundi likaamua kwenda naye. Huko ugenini lilikua, likapata ukumbi wake na watu wa kupanga foleni. Mimi nilibaki, nikawasindikiza hadi kituo cha treni.

Enikő alilia, akamwambia mama yake asijilaumu, wangekamatwa tu siku moja. Filimbi ilipolia, Mama Ibolya alisogea kwenye dirisha la behewa, akasema kwa sauti niliyoisikia kwa shida:

“Uliigiza vizuri, mwanangu.”