Mwarobaini Usio na Ofisi

Alama ya X niliiona asubuhi nikienda kununua chapati. Mtu alikuwa ameipaka kwa rangi nyekundu kwenye shina la mwarobaini ulio kando ya barabara yetu, hapa Area D, na rangi ilikuwa haijakauka. Mama lishe wetu, ambaye hupika chini ya mti huo tangu kabla sijahamia mtaa huu, alikuwa anakoroga uji ameipa alama ile mgongo.

"Nani kaweka?" nilimuuliza.

"Nimeikuta. Wewe mama si ulikuwa mtu wa redio? Kaulize. Mimi nikienda huko wataanza kuniuliza kibali cha kupika."

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na jua la Dodoma halina huruma. Wateja wake ni madereva wa bajaji na mafundi ujenzi, na hakuna fundi atakayekaa juani kula ugali wa mtama na mlenda. Mti ukikatwa kama X ile inavyotaka, kazi yake imekwisha. Atarudi kwao Chemba, kwenye shamba ambalo kaka zake wameshagawana. Aliniambia hayo huku akinifungia chapati, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza stendi.

Nikaanzia chini, kama tulivyofundishwa kazini. Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza vizuri sana. "Mti uko kwenye hifadhi ya barabara," alisema. "Mimi naishia kwenye uzio wa watu."

Nikaenda kwa watu wa barabara. Kijana mmoja alinipa shikamoo, akafungua kompyuta, akaitazama, akaifunga. "Sisi mama ni lami na mitaro. Kinachoota ni mazingira."

"Kwa hiyo X siyo yenu?"

"X zetu tunaweka kwenye nyumba," alisema, kidogo kwa majivuno.

Njiani nilimkuta fundi wa umeme juu ya nguzo, nikamuuliza na yeye. Alisema wao wakitaka kukata hawapaki rangi, wanakata.

Kwenye ofisi ya mazingira kulikuwa na feni, benchi, na dada mchangamfu ambaye nilimpenda kabla hajaanza kuniuliza maswali.

"Mti ulipandwa na nani, mama?"

"Sijui. Labda ndege."

"Basi kwetu haumo. Sisi tunafuatilia miti ya kampeni ya upandaji."

"Miti ya kampeni imekufa."

"Ndiyo hiyo tunaifuatilia." Hakuwa anatania. "Lakini miche ipo, na ni bure. Nikupe mingapi?"

"Sitaki mche, mwanangu. Nataka mti usikatwe."

"Chukua tu, mama. Usirudi mikono mitupu."

Nikarudi nyumbani na bajaji iliyojaa miche hadi miguuni pa dereva. Ndivyo mji huu ulivyo. Ukitaka kupanda mti utapewa mche, fulana, maji ya chupa na hotuba. Ukitaka mti uliokwisha kuota usiguswe, unaulizwa ulipandwa na nani. Nilijaribu tena wiki iliyofuata, nikitafuta tu namba ya simu ya kuripoti mti unaotaka kukatwa. Nilipewa namba ya kuagiza miche.

Hapa lazima nieleze upandaji wetu, maana bila huo yaliyofuata hayaeleweki. Kila mvua zikikaribia, msafara huja mtaani kwetu na mgeni rasmi. Mgeni rasmi hawezi kusimama juani, kwa hiyo mahali pa kupanda huchaguliwa penye kivuli, na kivuli cha maana ni kimoja tu, cha mwarobaini. Ardhi yetu wakati huo ni ngumu kama sakafu, kwa hiyo hutumika shimo lilelile la mwaka uliopita. Mche unashushwa, unamwagiwa maji, watu wanapiga makofi, kinachomekwa kibao cha bati, msafara unaondoka. Mche uliopandwa chini ya mti mkubwa hauoni jua. Ukinusurika na hilo, kuna mbuzi. Kufikia kiangazi linabaki shimo, na kibao, ambacho mama lishe huanikia kitambaa chake cha vyombo.

Nilikuwa pale nakunywa chai siku walipokuja na msumeno. Walikuwa wanaume watatu kwenye gari dogo la mizigo. Mkubwa wao alisalimia, akamwambia mama lishe ahamishe masufuria.

Mama lishe alifuta mikono. Kisha akaenda kwenye kibao, akatoa kitambaa, akakikunja, akarudi kwenye jiko lake.

Yule bwana akasoma. Maandishi yalisema mti huu umepandwa na mgeni rasmi, kisha cheo kirefu, kisha jina lililokuwa limeliwa na kutu. Akautazama mwarobaini kutoka chini hadi juu.

"Ndio huu?"

"Unaona mwingine?" mama lishe alimwuliza.

"Mbona mkubwa hivi?"

"Mvua zilikuwa nzuri."

Dereva mmoja wa bajaji alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Yule bwana akasogea pembeni na simu. "Bosi, mti una kibao. Cha mgeni rasmi. Ndiyo, cha bati." Akasikiliza. "Haya, bosi."

Nilimfuata nikamuuliza ni nani aliyeagiza mti ukatwe.

"Mimi naambiwa kata penye X."

"Unaambiwa na nani?"

"Bosi."

"Bosi wa ofisi gani?"

"Hii ni kazi ya tenda, mama," alisema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. Kisha wakaketi kivulini, wakala ugali, wakaondoka. Mpaka leo sijui X ilikuwa ya nani, na nimeuliza kila mlango wenye kitasa.

Juzi yule dada wa mazingira alinipigia. Mvua zinakaribia, alisema, na kwa kuwa mimi ni mdau wa miti, naombwa nihakikishe shimo limesafishwa. Nikamwambia nitalisafisha, ila waje na mtu wa kufuta X. Akasema kufuta siyo idara yao.

Nilimpelekea mama lishe habari hizo nikiwa nimefura. Alikuwa amepiga magoti penye shina, anaisugua X kwa majivu na steelwire ya kusugulia masufuria. Nyekundu ilikuwa imefifia, lakini bado unaiona.

"Waje," alisema bila kugeuka. "Wapande palepale. Ila waambie kibao safari hii wakielekeze barabarani, kisomeke mtu akiwa bado ndani ya gari."