Pori Lenye Umeme Wake

Juzi nilisimama kwenye kaunta ya ofisi moja ya ramani huku Kwale, nikisubiri muhuri. Mbele yangu alikuwako mama mmoja wa Bongwe, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Walikuwa wamenunua sola ya kuchajia betri za nyumba zote za jirani, na sasa walitaka mahali pake paandikwe kwenye ramani, wasije wakaambiwa waing'oe.

“Shikamoo, mama,” afisa wa kaunta alimsalimu.

“Marahaba, mwanangu.”

Afisa aliikunjua ramani, akaibana kwa kikombe cha chai, akagonga mahali pamoja kwa kalamu. “Hapa haitawezekana. Hapa zitapita nguzo za umeme.”

“Zitapita lini?”

“Zimo kwenye mpango.”

Mama alivaa miwani, akainama. “Hebu nionyeshe nyumba yangu.”

Afisa alitafuta, akasogeza kikombe, akatafuta tena. “Hapa pameandikwa pori.”

“Basi hizo nguzo zitamwashia nani taa?”

Afisa alinitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo. Kisha akachukua penseli, akachora kijisanduku, akaandika “sola” na kugonga muhuri. Mama akashukuru, akafunga miwani kwenye pindo la leso, akaenda zake.

Nilichungulia. Nyumba hakuchora hata moja. Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa Bongwe kuna umeme, usibishe. Kwa mujibu wa ramani, wanaochaji betri huko ni tumbili.