Kumi na Mmoja kwa Mkono Wangu

Mimi ni mtu wa hasira. Waliosoma hesabu kwangu pale Rumonge watakwambia hivyo hata kabla hujawauliza. Chaki nilizorusha ni nyingi kuliko nilizoandikia. Nasema hili mapema kwa sababu haya yote yalianza na hasira yangu ya alasiri moja, na sitaki mtu anitetee kwa kusema ilikuwa vita. Vita vilikuwapo, ndiyo, vilikuwa na umri wa mtoto aliyekwisha kujua kusoma na kuandika. Lakini hili nililifanya mwenyewe.

Niliishi peke yangu katika nyumba ya wazazi, mtaa wa Waswahili, upande wa ziwani. Vyumba vitatu, mtu mmoja. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akamfuata, na aliyenilea ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, yeye ndiye aliyenichapa, yeye ndiye aliyekamua mawese mpaka viganja vikawa vyekundu ili mimi nisome chuo Bujumbura. Vita vilipoanza alivuka ziwa na majirani mpaka Kigoma, na baada ya miaka akapelekwa Kanada. Mimi nilikuwa chuoni. Nilipopata njia ya kurudi nyumbani nilikuta mlango umefungwa kwa kamba ya chandarua na sufuria ya maharage jikoni imeota ukungu. Tangu siku hiyo nikala peke yangu. Nilijifunza kusonga ugali wa ukubwa wa ngumi, na bado ulibaki.

Watu husema upweke unazoeleka. Waongo! Mimi sikuzoea hata siku moja. Nilikuwa nikifika mlangoni kutoka darasani napiga hodi, nyumbani kwangu mwenyewe, kisha nasimama kidogo, kana kwamba kuna atakayeitika.

Kilichoniweka hai ni kaye moja, daftari la mistari. Chuoni nilikuwa nimeanza kazi ya kumalizia masomo juu ya jambo ambalo wenzangu walilicheka: jinsi maoni yanavyosambaa kati ya watu. Ni rahisi kuliko linavyosikika. Mpe kila mtu namba kati ya sifuri na moja. Sifuri ni "hapana", moja ni "ndiyo", katikati ni wasiwasi. Kila wiki mtu anawasikiliza wale anaowaamini, anachukua wastani wa namba zao na yake, na huo wastani ndio unakuwa maoni yake mapya. Rudia tena na tena. Hata wakianza kwa ugomvi, taratibu wanakaribiana. Na akiwapo mmoja mkaidi, ambaye namba yake haisogei na wenzake wote wanamsikiliza, basi mwisho wote wanaangukia kwake. Hilo nilikuwa nimelithibitisha kwa kurasa mbili safi. Kisha profesa wangu akakimbia nchi, na kazi ikabaki mikononi mwangu bila mwenye kuisoma.

Nilikuwa na kanuni, lakini sikuwa na watu. Watu walikuja na kompyuta.

Mnunuzi mmoja wa mawese alikuwa nayo bironi, ofisini kwake, imeungwa kwenye waya wa simu, ikilia kama paka aliyekanyagwa kila ilipoitafuta Bujumbura. Binti yake alipita mtihani mikononi mwangu, kwa hiyo kila Alhamisi baada ya adhuhuri aliniachia kiti chake. Huko nikakuta kundi la barua pepe la watu wa pwani yetu ya ziwa, waliotawanyika Dar es Salaam, Brussels, Montreal. Unaandika barua moja, inawafikia wote. Dada yangu alikuwamo. Wallahi, siku ya kwanza nilipoona jina lake kwenye kioo nililia mbele ya madumu ya mawese, na karani wa hapo akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Swali la kundi lilikuwa moja tu: turudi au tusirudi? Nilizipiga chapa barua, nikazipeleka nyumbani, nikawapa watu namba. Huyu wa Brussels sifuri nukta tatu, yule wa Dar sifuri nukta nane. Nilichora vitone na mishale ya nani anamsikiliza nani. Ukiniuliza ilikuwa hesabu, nitakujibu ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata watu wa kukaa nao jioni.

Sasa ile alasiri. Dada aliniahidi atakuja kwa Idi, hakuja. Akaahidi likizo ya pili, nikafua mashuka ya chumba chake, nikayaanika, nikayatandika. Hakuja pia. Alhamisi iliyofuata risasi zilisikika upande wa Kizuka, soko likatawanyika, mimi nikaingia bironi mbio, kandambili moja mguuni, nyingine sijui nimeiacha wapi. Nikafungua kundi, nikakuta barua yake akiwaambia wenzake kwamba amejifunza kuteleza kwenye barafu. Kuteleza! Damu ikanipanda. Nikaandika: "Mbaki huko huko. Njia ni mbaya, na hapa Rumonge hakuna cha kurudia." Nikabofya. Risasi zenyewe zilikwisha kabla ya alasiri kwisha, na siku ya pili soko lilikuwa limejaa.

Sikuifuta barua ile wala sikuiombea radhi. Nilikuwa na kiburi cha kutosha watu watano.

Miezi ikapita, njia ya Bujumbura ikatulia kidogo kidogo, na dada akaandika kwa kundi zima. Nakumbuka kila neno. "Kuna mtu ananiposa huku, mtu mwema. Amesema tukioana tunabaki. Nimemwomba anisubiri. Nawauliza nyinyi mlio Rumonge, mnaoiona barabara kwa macho yenu: kumetulia? Mkisema ndiyo, narudi kabla ya Ramadhani, naishi na mdogo wangu. Mkisema bado, namjibu huyu."

Mtu mwingine angeandika papo hapo: njoo, nakufa kwa upweke. Mimi sikuandika. Nilijiambia kwamba mwenye kupima hapaswi kutia mkono kwenye mizani, kwamba nitaacha watu wa mtaa waseme wenyewe. Maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba nilitaka aje bila kubembelezwa, na nilikuwa na hakika mtaa utasema njoo.

Kwa kuwa ni mimi tu niliyejua kupiga chapa, waliotaka kumjibu walikuja kibarazani kwangu kila Jumatano. Nami nilichukua maneno yao yalivyo, sikuongeza wala kupunguza. Lakini kwetu barua ya kwenda mbali haisemwi hivi hivi. Mtu anakaa, anaulizana nawe hali, anapokea maji, kisha kabla ya kutoa neno lake anauliza wenzake wamesema nini. Ni adabu. Kumkanusha jirani kwenye barua itakayosomwa na watu wote wa ughaibuni ni kumvua nguo. Kwa hiyo niliwasomea karatasi za kundi, kuanzia ya juu. Na ya watu wa Rumonge iliyokuwa juu, tena ya pekee, ilikuwa ni ile yangu ya hasira.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema andika njia bado mbaya. Wa pili akasomewa mbili, akasema hivyo hivyo. Wa tatu akasomewa tatu. Mpaka wiki ya nne walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alisema bado. Nilizituma barua zao kwa mkono wangu huu, moja baada ya nyingine, nikarudi nyumbani nikaandika sifuri kumi na moja kwenye kaye. Nikawaamini! Nikasema, watu kumi na mmoja wenye macho hawawezi kukosea wote. Mimi ndiye niliyepofushwa na kutaka dada arudi. Nikayavua mashuka kitandani kwa dada, nikayakunja.

Mama muuza ndagala, Mkongomani wa Uvira aliyehamia kwetu, ndiye aliyeniamsha. Alikuwa wa saba katika wale kumi na mmoja. Alikuja Jumatano moja kunipa sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kwa kuwa sina adabu ya mazungumzo madogo nikamuuliza anazitoa wapi siku hizi mboga za Bujumbura anazouza pembeni.

"Si Buja kwenyewe," akasema. "Wiki hii nimeenda mara mbili, nimerudi na vitunga vyangu. Barabara iko muzuri, mwalimu. Hata pale Kigwena, huko chini, watu wanapita wanaimba."

"Sasa mbona uliniambia niandike njia mbaya?"

"Eh! Si ni wewe ulinisomea? Wote walisema mubaya. Mimi mugeni hapa, nitasema vingine mbele ya wenyeji?"

Nilimwacha amesimama na sahani yake. Nikaenda kwa fundi cherehani, bila mtandio kichwani, nikamkuta anashona sare za shule.

"Ulijuaje kwamba njia ni mbaya?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Uliandika mwenyewe, mwalimu. Wewe umesoma. Mimi tangu vita vianze sijatoka hapa."

Nikaizunguka mitaa yote miwili, mlango kwa mlango. Wa tano alimsikiliza wa nne, wa nne aliwasikiliza watatu, wote walimsikiliza fundi, na fundi alinisikiliza mimi. Kwenye mchoro wangu nilikuwa nimeweka vitone kumi na kimoja vya Rumonge, kila kimoja peke yake, bila mshale wowote kati yao. Yarabi! Kurasa mbili safi nimezithibitisha, mkaidi asiyesogea, namba moja inayowavuta wote, na sikumtambua kwa sababu sikujiweka kwenye karatasi. Nilijiona mimi ni mshika kalamu tu.

Alhamisi nilikuwa bironi kabla karani hajafungua. Niliandika yote, bila kuficha hata kiburi. Kwamba njia ni nzuri. Kwamba barua ile ya kwanza niliiandika kwa hasira, soko limetawanyika, kandambili moja mguuni. Kwamba watu kumi na mmoja aliowasoma si watu kumi na mmoja, ni mimi mara kumi na moja. Mwisho nikaandika kile nilichopaswa kuandika tangu mwanzo: "Njoo, dada. Siwezi tena kula peke yangu."

Alhamisi ya pili jibu lilikuwapo. Halikuja kwangu pekee, alilituma kwa kundi zima, kama kawaida yetu.

"Mdogo wangu, nimesoma barua yako nikalia. Kama ungeniambia njoo tu, labda ningefunga mzigo. Lakini unaniambia mtaa mzima ulikuwa ni wewe? Fundi, mama wa ndagala, wote? Hapo nimejua upweke umekufikisha wapi. Sikulaumu. Mtu aliye peke yake husema lolote ili apate mwenzake. Siwezi kuwaacha watu kumi na mmoja nikamfuata mmoja anayelia. Nimemjibu ndiyo. Nisamehe."

Nilisoma mara tatu. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira yangu kila mahali, kwa mara ya kwanza maishani sikuipata. Chini ya barua yake zilikuwapo nyingine tisa, kutoka Dar, Brussels na Montreal. Wa kwanza alisema mwalimu apewe pole, yuko mpweke sana. Wa pili alisema hivyo hivyo. Sikuhitaji kaye kujua wa tisa atasema nini.

Nilirudi nyumbani na karatasi. Nilipiga hodi, nikasimama, nikaingia. Mashuka yalikuwa bado yamekunjwa juu ya kitanda cha dada. Nikayarudisha kabatini, nikafunga kabati.

Jumatano mama wa ndagala alikuja kibarazani, akakaa, akapokea maji. Alikuwa amesikia kwamba dada anaolewa na alitaka kumtumia salamu za heri.

"Amahoro, mwalimu. Kwanza nisomee. Wenzangu huko wanasema nini?"

Nilizishika zile karatasi bila kuzifungua.

"Wanasema mimi niko peke yangu," nikamwambia.

Akaiweka chini bilauri, akanigusa goti kwa mkono wenye harufu ya samaki.

"Basi," akasema kwa upole, "andika na mimi nasema hivyo hivyo."

Nikachukua kalamu, nikaandika.