Gathoni Anataka Jina

Rosaline wa Kitale alimzika mama yake, Gathoni, miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo mama hajanyamaza hata wiki moja nzima.

Lalamiko lake lilikuwa lilelile. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye humrudisha mama wa mama, maana kumpa mtoto jina la mtu ni kumzaa mtu huyo upya. Rosaline alijaliwa mmoja tu, Mary Ann, akampa jina la mama mkwe wake kama ilivyopasa, halafu tumbo likafunga. Gathoni akaenda kaburini bila mjukuu wa kubeba jina lake. "Hukunizaa," sauti ilisema mara ya kwanza, Rosaline akichambua maharagwe uani, wazi kabisa, nyuma ya sikio la kushoto. Akageuka. Kulikuwa na kuku tu.

Jamani, msicheke. Siku moja sauti ilimwamuru atie mkono kwenye sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, naye akautia. Mary Ann alikuwa na miaka minane. Ndiye aliyeuvuta mkono ule. Wengine wakasema Rosaline amerogwa, wengine wakasema ni pepo. Mchungaji alimwombea mpaka koo likamkauka. Majirani nao, maana midomo ya watu haina kufuli, wakawa wanawaita watoto wao ndani kila alipopita.

Dawa za kliniki zilimpunguza mama lakini hazikumfukuza. Kilichomsimamisha Rosaline ni watu saba waliokutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa, wote wakisikia sauti ambazo wengine hawasikii. Kiongozi wao alikuwa Kipketer, fundi wa matrekta aliyestaafu, ambaye yeye alisikia wanaume watatu wakibishana juu yake kama madalali wa mahindi. Pale hakuna aliyekuambia kwamba sauti haipo. Walikuuliza ni ya nani, inakuja saa ngapi, inataka nini. Walimfundisha kuipa miadi: njoo saa kumi, nitakusikiliza robo saa, kabla ya hapo nina kazi. Na walikuwa na sheria moja ambayo Kipketer hakuifanyia mzaha: sauti yako usiipeleke kwa watu kama ujumbe. Ukishaanza hivyo, alisema, umeipa miguu.

Basi mwaka huu Mary Ann, aliyeolewa na Wamalwa huko Kibabii, karibu na Bungoma, akajifungua msichana. Rosaline akapewa ruhusa ya kwenda kumwona. Naam, ruhusa, mtu na mjukuu wake! Mary Ann alimwambia kwa simu, kwa upole, kwamba aje amwangalie mtoto lakini asimbebe, kwanza wazoeane. Rosaline akasema sawa. Alipokata simu alilia mpaka macho yakavimba, maana duniani hakubakiwa na jambo alilolitamani kama kumpakata mtoto yule.

Alimkuta mtoto akilia. Siku tatu alikuwa akilia, ananyonya kidogo na kuachia, na nesi alishampima na kusema hana ugonjwa. Nasimiyu, mama yake Wamalwa, hakubabaika. Kwao Wabukusu, mtoto wa namna hiyo anamdai mtu: kuna marehemu anataka jina lake lirudi nyumbani. Unampa mtoto titi, unataja wafu mmoja mmoja. Akinyamaza na kunyonya, huyo ndiye. Baada ya chakula cha mchana wanawake wakakaa sebuleni, Nasimiyu akaanza kuwataja wa kwake kwa mpango, na mtoto akazidi kulia.

Ndipo Gathoni akaja sikioni mwa Rosaline. Ilikuwa saa nane na nusu, kabla kabisa ya miadi. Nizae, akasema.

"Ngoja saa kumi," Rosaline akanong'ona, na Nasimiyu akamwona.

Sasa hapa ndipo penye ajabu. Nasimiyu hakushtuka wala hakumhurumia. Alisogeza kiti chake karibu, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyelifanya nje ya ukumbi ule wa Alhamisi.

"Mama Mary Ann," akasema kwa heshima, "si kuna mtu anaongea na wewe? Taja jina lake tu. Wafu hawaulizi ni upande gani."

Wote wakamgeukia. Hawakumtazama kama kichaa. Walimtazama kama mtu mwenye dawa, na Rosaline, Mungu amsamehe, alisikia utamu. Mary Ann peke yake ndiye aliyemvuta mtoto kifuani zaidi.

Gathoni akasogea. Akazungumza kwa ile sauti ya zamani, ya wakati alipokuwa akimsuka nywele. Sema Gathoni. Sema tu, binti yangu, nami nitanyamaza. Sitarudi tena.

Rosaline alimwamini. Angelala usiku kucha. Angepika uji bila kutetemeka. Mtoto angetulia, wakwe wangeshukuru, na nani tena angemnyima kumbeba? Jina lilikuwa limeshafika mdomoni.

Akamtazama mtoto, mdomo wazi, hana hata jino. Akajiona siku moja anamwita kutoka uani, Gathoni, wee Gathoni, na mama anaitika.

"Huyo anayeongea ni wangu mimi," akasema. "Mtoto hamdai."

Nasimiyu akakubali shingo upande, akarudi kwa wafu wake. Alipofika kwa Nangila, shangazi yake aliyekufa msichana, kilio kikakatika, mtoto akashika titi. Labda ni Nangila, labda ni njaa. Wanawake wakashangilia. Rosaline hakuwasikia vizuri, kwa sababu mama alikuwa akipiga mayowe.

Wengine walipokwenda jikoni kupika chai, Mary Ann akauliza bila kuinua macho, "Alikuwa anataka nini?"

"Jina. Alisema nikimpa ataniacha."

"Ukamnyima."

"Nilimnyima."

Mary Ann akamfunika mtoto vizuri. Kisha akainuka, akaja, akamlaza mtoto mapajani mwa Rosaline. Hakurudi kitini. Alipiga magoti palepale, kiganja chake chini ya kichwa cha mtoto, na Rosaline hakumlaumu. Nangila alikuwa mzito kuliko alivyodhani, ananukia maziwa. Rosaline akainama, akambusu utosini.

Mwangushe, mama akasema.

Rosaline akavuta pumzi. "Mary Ann," akasema, "usiutoe mkono wako."