Herufi Moja Kwenye Muhtasari wa Mama Koku

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni Mlutheri wa Muleba, mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka, na haya yalinipata saa tisa mchana, hapa hapa Kimuli, ndani ya stesheneri yangu. Siku hizi sicheki.

Mama Koku alikuwa amefiwa na mumewe, mtu ambaye mimi sikuwahi kumwona. Ukoo ulikaa kikao, ukakubaliana mama abaki na kibanja chote, migomba na kahawa, alee wanawe. Nikauchapa muhtasari, nikamtumia shemeji yake, katibu wa kikao, aupitie. Akaurudisha na masahihisho arobaini: maneno mapya kwa rangi nyekundu, ya zamani yamekatwa kwa mstari. Kesho yake ulitakiwa mahakamani.

Unajua sisi wenye haraka tunavyofanya? Kuna kitufe cha kukubali masahihisho yote kwa mpigo. Mvua inamwagika, umeme unachezacheza, na nilishaona mengi ni nukta na herufi kubwa tu. Nikapeleka kishale kwenye kitufe.

"Usikubali."

Nilishtuka vibaya. Kwenye benchi la wateja amekaa mzee mwenye koti la kaki, vifungo vyeusi, kimoja cha bluu. Sikumsikia akiingia. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Kimya. Wewe umewahi kumpa mzee shikamoo akakaa kimya?

"Ukurasa wa pili," akasema. "Soma moja moja."

Niamini, benchi lile linatazama mgongo wa kompyuta. Kutoka pale huoni kioo hata ukisimama. Nikaanza kusoma, nakubali moja, naenda linalofuata. Nukta. Mkato. Jina la kijiji. Halafu nikakuta b imekatwa, imewekwa w.

"Hapo."

Kibanja kimegeuzwa kiwanja. Ningekuwa peke yangu ningelipitisha, maana mimi mwenyewe huwasahihisha wateja wanaochanganya Kinyambo na Kiswahili. Lakini kibanja huku ni nyumba pamoja na shamba lake, na kiwanja ni pale tu nyumba iliposimama. Migomba na kahawa vingebaki kwa ukoo, yaani kwa huyo huyo shemeji.

Nikalikataa sahihisho lile. Nilipoinua macho, mzee hayupo.

Mama Koku alipokuja kuchukua karatasi, nikamuuliza kama anamfahamu mtu huyo. Nilipotaja kifungo cha bluu, akashika meza.

"Kifungo hiyo nilishona mimi," akasema. "Koti hiyo ndiyo tulimzika nayo."

Mpaka leo Mama Koku yuko kwenye kibanja chake. Mimi ndiye sina amani. Miaka sita nimewachapia watu wa huku hadi Ihembe, na miaka yote hiyo nilikuwa nakubali kwa mpigo. Nimefungua mafaili ya zamani nikitafuta. Hakuna kitu. Ukishakubali, nyekundu inafutika, na neno jipya linakaa pale kwa raha zake.

Wewe unayechapa karatasi za watu, nakuomba, soma herufi kwa herufi. Usingoje mtu atoke kaburini kukuzuia, kwa sababu mimi alinijia mara moja tu.

Juzi mjane mmoja wa Bugomora, ambaye siku hizi anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu, alinisalimia vizuri kabisa barabarani. Muhtasari wake niliuchapa mimi.