Gazeti la Kufungia Bagia

Juzi nilirudi Bagamoyo kupumzika siku chache, na asubuhi ya kwanza tu simu ikanizulia jambo. Nimo kwenye kundi la mashabiki wa timu yetu, wengi wao sijawahi kuwatia machoni. Mmoja akarusha habari aliyoiokota mtandaoni. Simu yangu hukata kichwa cha habari kikiwa kirefu, kwa hiyo nikaona "Kipa wetu afa", kisha vidoti vitatu. Kabla sijafungua, watu walishaandika Innalillahi, na mwingine keshaweka viganja vya dua. Kumbe kipa alikuwa anafafanua kwa nini alifungwa na watani. Watu wakacheka, wakawasema waandishi, halafu wakamgeukia kipa mwenyewe na kumporomoshea maneno. Mimi sikucheka. Kosa hilohilo nililifanya nikiwa darasa la tatu, kwa mikono yangu, na simu hatukuwa nayo.

Bibi yangu alikuwa akiuza bagia za kunde barazani kwetu. Kunde zilirowekwa usiku, asubuhi zikapekechwa maganda, adhuhuri zikasagwa kwenye jiwe, na baada ya alasiri harufu ya vitunguu na mafuta ya moto ikafika mpaka njia panda. Mimi nilipewa kazi ya karatasi. Magazeti tuliyapata kwa mwenye duka, akishayasoma yeye na jamaa zake, kwa hiyo yalitufikia yakiwa ya juzi au ya mwanzo wa wiki. Nilichana kila ukurasa katikati kwa kuubana gotini. Nusu moja ilitosha bagia nne.

Basi wanaume wa mtaani, mashabiki watupu, walikuja kununua habari kuliko bagia. "Nifungie kwenye michezo," walimwambia bibi, na bibi aliwajibu kila siku kwamba yeye anauza bagia, habari wakazitafute redioni. Lakini nilimwona akiwawekea pembeni kurasa za michezo. Walikula, wakaikunjua karatasi yenye mafuta, wakabishana juu ya nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa imeshakwenda na mtu mwingine, na ubishi uliendelea bila hiyo. Nilipenda sana kuwasikiliza.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mwanamke tuliyemwita Mama Kipa. Mwanawe ndiye aliyekuwa golini kwa timu yetu huko Dar, na mtaa mzima ulijisifu naye. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, na mpira hakuujua pia. Alichotaka kujua ni kama mtoto yu mzima.

Siku hiyo fundi baiskeli, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika, alinipa karatasi yake akaniambia, "Hebu tusomee, mwanangu." Nilikuwa najivunia kusoma. Nikasimama wima nikasoma kwa sauti: "Kipa afa." Chini yake palikuwa na picha ya mwana wa jirani, kainamisha kichwa. Mstari uliishia pale nilipochana.

Fundi baiskeli alisimama na bagia mdomoni. Sijui nani alikwenda kusema, maana hakuna aliyetumwa. Muda si muda tukasikia ukelele nyumba ya tatu. Bibi aliipua karai, akajitanda kanga, akanishika mkono tukaenda. Mikeka ilikuwa inatandikwa. Mama Kipa alikaa sakafuni akiuliza swali moja tu, kwamba mwanawe kafia wapi, na mimi ndiye niliyetakiwa kujibu. Nilisema haikuandikwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Aliyetuokoa ni mwalimu wangu. Alikuwa amenunua bagia kabla ya fundi, na aliposikia kilio akaja mbio na nusu yake. Akaipokea ile ya fundi niliyokuwa bado nimeishika, akaziweka nusu mbili pamoja juu ya mkeka. "Kipa afafanua mabao matatu." Mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata, hata bibi. Mama Kipa hakucheka. Aliniambia, "Kuanzia leo utakuja kunisomea wewe. Na usinichanie."

Nikawa nakwenda kila Ijumaa baada ya shule, na gazeti zima. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa uji wa mchele wenye pilipili manga, akasikiliza. Nikifika mwisho huuliza, "Na chini yake?" Nilimsomea mpaka matangazo ya viwanja.

Kisha timu ikaanza kufungwa. Magazeti yakamwita mwanawe garasa, yakaandika kwamba golini ametundikwa kama pazia, na barua za wasomaji zilikuwa mbaya zaidi. Ijumaa ya kwanza nilifika kwenye neno garasa nikakwama. Nikaliruka. Wiki iliyofuata niliruka aya nzima, na baada ya hapo nikaanza kutunga. Nilisoma kwamba kipa alijitahidi, kwamba mvua ilinyesha, kwamba mabeki walimwangusha. Mama Kipa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijua ni uongo na sikuacha.

Idi ya mwaka ule kijana wake, kipa mwenyewe, alikuja nyumbani. Mama yake akamwambia mbele yangu jinsi magazeti yanavyomstahi hata akifungwa, na kwamba mimi ndiye msomaji wake. Kijana alinitazama, nami nikatazama chini. "Ndiyo, mama," akasema. "Huyu anajua kusoma." Hatukuwahi kulizungumza tena, na mwaka uliofuata akaachwa na timu, akarudi kulima Makurunge. Mama yake aliondoka duniani akiamini kwamba mwanawe hakupata kusemwa vibaya na mtu.

Baraza ya bibi sasa ni kibanda cha miamala ya simu. Jiwe la kusagia sijui liko wapi, na bagia zinauzwa kwenye mfuko wa karatasi nyeupe isiyo na hata herufi. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nusu ya tuliyoyajua yalikuwa makosa. Ila habari ilipita kwanza mikononi mwa mtu, na mtu yule alimjua mama wa anayesemwa.

Kipa wetu wa sasa naye ana mama. Kuna aliyeandika jana kwenye kundi kwamba mama huyo yumo humohumo kundini, na kwamba anajua kusoma vizuri.