Mlingoti Uliochomelewa

Nimerudi kijijini kwetu Qurus juzi, rafiki yangu, na mpaka sasa hasira haijanitoka. Nilishuka kwenye bodaboda upepo wa kiangazi ukinivuta kanga, nikatega sikio nisikie pampu ya upepo ya kisima chetu. Kimya. Gurudumu lake la mabati lilikuwa juu ya mlingoti, limeupa upepo ubavu, halisogei. Chini yake akina mama wamepanga madumu wakisubiri maji ya kununua ya boza, na kisima kimejaa.

Utotoni tuliamka na kulala kwa mlio wa pampu ile. Upepo ukigeuka, kichwa chake kiligeuka nao, kwa sababu kilikaa kwenye pete ya chuma iliyouzunguka mlingoti. Kila mwaka kabla ya kiangazi pete hiyo ilifunguliwa ikafungwa upya.

Siku hiyo bibi aliinjika makande ya ngwara, yale maharage ya kwetu, tangu alfajiri, na pembeni akayeyusha mafuta ya ng'ombe ya kulainishia pete, ambayo harufu yake tuliingia nayo kanisani Jumapili. Halafu akaja mzee mmoja mfugaji, Mmasai, ambaye ng'ombe wake walikunywa kwetu malisho ya Ngorongoro yalipokauka. Tulimwinamishia vichwa atuguse, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wazee, naye akatoa ngozi laini ya kutandika chini ya pete.

Spana ilikaa kwa bibi. Bolti za akiba zilikaa kwa mzee. Walikubaliana hivyo makusudi, ili mkulima asifungue bila mfugaji, wala mfugaji bila mkulima. Walipanda vijana wawili, mmoja wa kila upande, wakang'oa bolti zilizolika, wakafuta mafuta ya zamani, wakatandika ngozi mpya. Bibi alisimama chini, mkali kama pilipili. "Kazeni, lakini iweze kugeuka," aliwaambia, na sisi wajukuu alituambia hivyo hivyo tulipogombana. Kisha maji yalitapika kwenye birika, ndoo zikagombania nafasi na ng'ombe, na sisi tukala makande kwa mikono yenye mafuta.

Bibi alishafariki. Wezi wa chuma chakavu walipoiba bolti, kamati ya kisima iliita fundi wa kuchomelea kutoka Karatu mjini, akaichomelea pete kwenye mlingoti. Nilimwuliza mwenyekiti, kwa adabu niliyoitafuta kwa shida, ilikuwaje. Akanijibu kwa fahari, "Dada, sasa haiibiki."

Ni kweli, haiibiki. Wala haigeuki! Upepo wa kiangazi uliikuta imeelekea upande wa masika, ukaipiga ubavu mpaka fimbo ya chuma ya kuvutia maji ikapinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, bibi alipenda kusema. Hawa wameziba ufa, wakaziba na mlango. Nikamwuliza mbona hawakwenda kwa mzee kuchukua bolti za akiba. Akaangalia pembeni, akasema maji ni ya kijiji, hawawezi kila siku kuwaombaomba wafugaji. Kumbe hawakumsahau. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea na adabu yangu, na niliyomwambia siyaandiki hapa.

Jioni mzee alikuja nyumbani kwa bibi kunisalimia. Amezeeka sana, anaegemea fimbo, na ndama wake sasa wanapelekwa korongoni kutafuta matope ya kunywa. Nilimpa maziwa ya mgando, akanywa taratibu, kisha akafungua pindo la shuka yake. Zilikuwa bolti, zinang'aa mafuta. Miaka yote hiyo alizipaka kila kiangazi kilipokaribia, akisubiri kuitwa.

"Mwanangu," akasema, "spana bado mnayo?"

Niliingia ndani, nikaitoa chini ya kitanda cha bibi. Tukakaa mlangoni, yeye na bolti zake, mimi na spana, upepo ukitupita kuelekea kisimani, na hatukuwa na cha kufungua.